Profesa Siwema Ampeleka Mandari Kwao

Maisha yake yote chuoni, Profesa Siwema alifundisha kwamba mfungwa aliyejirekebisha anastahili kupokewa. Asubuhi Mandari alipoachiwa kutoka gerezani, Siwema alimpeleka kwao kwa gari lake. Mandari aliwahi kuua mtu katika ugomvi wa kilabuni, na hakuna aliyemzidi katika darasa la Siwema gerezani.

Mama yake Mandari hakufungua mlango.

“Mwanangu alikufa siku ile ile aliyoua,” alisema kutoka ndani. “Huyo mrudishe ulikomtoa.”

Wakarudi garini. Mandari akasema, “Profesa, uliwahi kutuambia una chumba kitupu uani. Nipe nilale humo. Nitakufanyia kazi yoyote.”

Siwema akawafikiria binti zake.

“Ngoja kwanza nimuulize mume wangu,” akasema.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mandari ndiye aliyewaongoza wafungwa kumwombea marehemu.

Mandari akamtazama, akashuka, akaufunga mlango wa gari taratibu.

“Nisalimie sana shemeji,” akasema, akaondoka kuelekea sokoni.

Siwema akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, injini ikinguruma.