Kikapu Kisichooshwa

Kompyuta ilimaliza kuchora mti wa ukoo wa uyoga, na Nyamizi akautafuta kwenye matawi ule uyoga aliouokota marehemu mumewe. Siku zote aliamini una tawi lake peke yake, na jina la kuupa alikuwa nalo: la mumewe.

"Dada, hii ni hamira," Kalunde, mwenzake wa maabara, alisema kwa upole. "Mashine imesoma vinasaba vya hamira, si vya uyoga. Ulikuwa umeshika mkate?"

Nyamizi aliitazama mikono yake. Asubuhi aliyoisaga sampuli alikuwa hoi kwa uchovu, akamega mkate palepale mezani.

"Kipande kingine kipo?" Kalunde aliuliza.

"Kile kilikuwa cha mwisho. Na msitu wenyewe umeshakatwa."

Alirudi nyumbani akiburuta miguu. Nyuma ya mlango kilining'inia kikapu ambacho mumewe alibebea uyoga ule, na ambacho tangu msiba wifi zake walimsihi akioshe. Akatandika karatasi nyeupe mezani. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akakipindua kikapu na kukigonga kwa kidole.

Vumbi la kahawia la uyoga likashuka, kidogo tu. Nyamizi akabana pumzi, asije akalipeperusha.