Sentensi ya Mpishi

Mwalimu aliwapa wafanyakazi wa hoteli maneno mawili ya Kiingereza, moja la mtu mchangamfu na jingine la mtu aliyezimika moyo. Kila mmoja achague neno na kulitungia sentensi.

Mpishi, mama wa makamo aliyekuja darasani na aproni yake, akaleta daftari mezani. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza: mwalimu wetu ni mtu aliyezimika moyo.

Mwalimu akatafuta kosa. Tahajia ilikuwa sawa, kitenzi kimekaa mahali pake, hata nukta haikusahauliwa. Miaka kumi na minane ya kufundisha ndani ya chumba hiki chenye dirisha lililopigiliwa misumari, na hii ndiyo sentensi ya kwanza isiyo na doa.

Ncha ya kalamu nyekundu ilitua karatasini ikakaa, mpaka wino ukavuja na kutanuka ukawa kama punje ya mtama.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea, mama."

Akaweka alama ya vema. Kisha akaandika chini yake, kwa Kiswahili: *Tangu lini?*

Akamgeuzia daftari, akamkabidhi kalamu.