Cheti Kilichobaki

Kwa miaka sita Verlene alihangaika na vyeti vya ukoo, ili mama yake wa miaka tisini na moja akubaliwe katika chama cha wazao wa askari waliopigania uhuru wa Marekani. Kilibaki kimoja tu, cheti cha kuzaliwa cha mama mwenyewe, na asubuhi hiyo kikafika kwa posta.

Alikisoma jikoni, amesimama, miguu ikimuuma. Mama hakuzaliwa katika ukoo ule. Alichukuliwa kwenye nyumba ya mayatima akiwa na wiki tatu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Muhuri ulikuwa umevimba kama kovu. Verlene aliupapasa kwa kidole gumba, akaupapasa tena.

"Wale wa chama wamesemaje?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Bado nasoma, mama."

"Unasoma nini siku nzima? Si uwaambie waje waitazame hii pua! Baba alisema ni ya yule babu yetu kapteni mwenyewe."

Verlene alikikunja cheti mara nne, akakitia mfukoni.

"Wamekataa, mama. Eti karatasi hazijatimia."

"Mafala hao. Waandikie tena kesho, mwanangu. Kukata tamaa hakumo kwenye damu yetu."