Kijiko cha Mtungini

Tangu asubuhi Shamte alikuwa akitokwa na udenda, analia na kutafuna hata kanga ya mama yake, Mwanasha. Mwanasha akatoa mtungini kijiko alichokitia kipoe, akampa ang'ate. Kilio kikakatika. Halafu kijiko kikalia, ti.

Bi Mwatime, mama mkwe wake, akageuzia uso ukutani.

"Angalia wewe, mwanangu. Likianza jino la juu watamwita kigego, mtoto wa mkosi."

Mwanasha akanawa, akapitisha kidole kwenye fizi taratibu.

"La chini, mama."

Bi Mwatime akaketi mkekani, akacheka mpaka machozi. Kisha akakichukua kijiko, akaligonga jino pekee lililobaki kinywani mwake, la juu. Shamte akatulia, akasikiliza, akafungua mdomo naye ajibu.