Mratibu Mwandamizi wa Moto

Kwa miaka ishirini Tembo alizima moto msituni bila kumuuliza mtu. Akiona moshi, alijaza mkonga mtoni, akaja, akamwaga. Ndipo Simba, mkuu wa msitu, akamleta Kasuku afanye mageuzi. Kasuku, ambaye hajawahi kuzima hata kijiti cha kiberiti, akampa Tembo cheo kipya: Mratibu Mwandamizi wa Masuala ya Moto.

“Maji bado nabeba?” Tembo akauliza.

“Majukumu yako yamo kwenye waraka. Uko mezani kwa mkuu, unasubiri sahihi.”

Wiki hiyo kiota cha Kanga kikashika moto. Tembo akakizima, akapewa barua ya onyo kwa kuingilia kazi za kitengo kingine.

Miezi mitatu baadaye ofisi ya Simba ikawaka. Tembo akafika na mkonga umejaa maji, akasimama.

“Mwaga basi,” Simba akanguruma.

“Hii ni kazi yangu, mkuu, au ya kitengo kingine?”

“Si imeandikwa kwenye waraka?”

“Uko wapi niusome?”

Simba akautazama moto. “Umo humo ndani.”

“Haya, nitausubiri utoke,” Tembo akasema, akatia mkonga mdomoni, akayanywa yale maji.