Usiguse, Piga Picha

Kiatu hakikuwa cha mwanawe, Evaristo. Kilikuwa kiatu cha kike, chekundu, kamba imekatika. Hermelinda alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akakiwekea rula pembeni, akainua simu.

"Usiguse, piga picha," alisema Mama Chayo nyuma yake, kama alivyosema kila Jumamosi.

"Sigusi, Mama."

Programu ya simu ikauliza ni kitu gani. Akaandika: kiatu, chekundu, mguu wa kushoto. Ikakipa namba, ikahifadhi mahali kilipolala. Wakifika barabarani penye mtandao, picha zote zingekwenda kwa akina mama wa jimbo zima la Sinaloa, Mexico, na mahali fulani mwanamke angeacha chungu jikoni, akaze macho, aseme: hiki nilimnunulia mimi.

Vitana, mikanda, vifuniko vya chupa, funguo za nyumba zisizojulikana. Mama Chayo alianzisha kikundi hiki cha kutafuta waliopotea baada ya binti yake kutoweka, na hakuruhusu mtu kudharau hata kifungo. Polisi walikwishachoka zamani. Wanawake walikuja wenyewe na majembe, maji, na vyuma virefu vya kuchoma ardhini.

Kazi ya picha aliiomba Hermelinda mwenyewe. Alitaka kila kitu akione yeye kwanza. Wenzake walimwelewa. Mama gani asingetaka?

Walimwelewa hata kwa fulana. Wote walivaa sura za watoto wao kifuani. Fulana yake ilikuwa nyeupe tupu.

"Sina picha yake inayofaa," alisema siku aliyojiunga.

"Ulimpoteza lini?" Mama Chayo alimuuliza.

"Tangu aanze kutembea na wale vijana wa genge, wa magari ya vioo vyeusi."

Mama Chayo alimshika mkono, asiulize zaidi. Habari ya namna hiyo waliijua wote.

Jumamosi hii walikuwa Las Pitahayas, shamba la nyanya lililotelekezwa ng'ambo ya mfereji. Jua lilikuwa kali hata majembe hayashikiki. Nereida, mnene na mcheshi, alikuwa akizamisha chuma chake kwenye udongo, akikichomoa, akiinusa ncha kama ina harufu ya maiti.

"Shoga, hiyo simu yako si initafutie na mume? Yule wa mwisho alipotea mwenyewe, na wala sikumtafuta."

"Na yeye akikuona unakuja na hilo lichuma, atajifukia mwenyewe," alijibu Mama Chayo.

Walicheka wote. Ilibidi wacheke, bila kicheko miguu isingewabeba. Nereida akachomoa chuma tena, akakisogeza puani. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Hapa," alisema.

Wakapiga ishara ya msalaba, wakaanza kufyeka majani na kuchimba. Hermelinda akazunguka na simu yake, kama kawaida, kutafuta vilivyobaki juu ya ardhi. Nyuma ya mti wa miiba aliona mpini wa sepetu, nusu umezama mchangani.

Mpini ulikuwa umeviringishwa kitambaa cha njano chenye ndege wa buluu.

Kile kitambaa kilikuwa pazia la jikoni kwake. Mishono ile mikubwa, ya uzi uliokunjwa mara mbili, ilikuwa ya mkono wake. Aliishona jioni ile Evaristo alipomwonyesha viganja vilivyotoka malengelenge, akamwambia amepata kazi ya kuchimba mifereji. Siku hiyo alifurahi mno. Aliwatangazia hata majirani.

Alitazama nyuma. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Mchanga ulikuwa laini, sepetu lingezama kwa mateke mawili tu. Aliinua mguu.

"Kuna nywele," Nereida alisema kule shimoni, kwa sauti ya mtoto. "Mama Chayo, njoo uone. Kuna nywele, zimesukwa."

Mama Chayo alikuwa na binti. Hermelinda alimwona yule mama akitupa jembe, akitembea taratibu kuelekea shimoni kama mtu anayevuka mto.

Akaushusha mguu. Akaweka rula. Ilimbidi apige mara kadhaa, maana picha zilitoka na ukungu. Programu ikauliza ni kitu gani, akaandika: sepetu. Ikauliza kama kuna anayekitambua, na ni cha nani. Hapo akakaa mchangani.

Nereida ndiye aliyemkuta chini. Akaona kitambaa, akaona uso wake.

"Cha mwanao?"

"Chake. Hii mishono ni yangu."

"Washenzi wakubwa!" Nereida alilia. "Wanawachimbisha makaburi yao wenyewe. Wanawapa sepetu kwanza, halafu..."

Wanawake walimzunguka Hermelinda, wakamkumbatia kwa mikono yenye udongo. Mama Chayo naye alikuja, macho makavu, akampangusa uso kwa leso yake. Zile nywele hazikuwa za binti yake. Zilikuwa nyeusi mno.

"Lia, binti yangu," alimwambia. "Lia, lakini mshukuru Bikira. Mimi bado natafuta. Wewe umempata."

"Ndiyo, Mama," alisema Hermelinda. "Nimempata."

Aliandika jina kamili la mwanawe, majina yote mawili ya ukoo. Walipofika barabarani simu ilitetemeka, picha zikaanza kwenda moja baada ya nyingine. Aliiangalia hadi ile ya sepetu ikaenda. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, lakini hakikushuka.

Walitaka kumsindikiza hadi mlangoni, wakae naye, wamchemshie kahawa. Aliwaomba wamshushe kwenye kona. Alitaka kuingia peke yake.

Mlango haukuwa umefungwa. Evaristo alikuwa mezani kama kila jioni, amejivutia chungu cha maharage, anakunja chapati ya mahindi.

"Umechelewa, Mama," alisema, mdomo umejaa. "Leo mlichimba wapi?"