Mashine ya Mama

"Nipe isiyounguza," fundi bomba alisema, akaibwaga kwenye kaunta mashine aliyoichomoa kwenye rafu. Chupa za manukato ziligongana. "Zote hizi mnasema zinakaza ngozi. Ipi haiunguzi?"

Muuzaji hakutetereka. Alikuwa na uso uleule wa kwenye simu, uso ambao Mama alishinda akiutazama kutwa nzima: laini, hauna hata kinyweleo, unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Fundi aliuchukia uso huo kabla hajakutana na mwenyewe.

"Taratibu, kaka. Hii inatumia mawimbi ya redio."

"Inashika stesheni gani?"

Muuzaji alicheka. Fundi hakucheka. Buti zake zilikuwa zimeacha tope kwenye marumaru nyeupe, na hakuomba radhi.

"Mawimbi yanapasha joto chini ya ngozi, ngozi inajikaza polepole. Unajifanyia mwenyewe nyumbani. Hii ndogo ni ya bei nafuu, ila haijui joto limefika wapi. Hii nyingine inajipima, ikizidi moto inajizima. Ni ya nani? Ya wifi?"

"Ya Mama."

Muuzaji aliweka mkono kifuani. "Jamani! Wanaume wangapi wanawakumbuka mama zao? Ana chuma chochote mwilini? Kifaa cha moyo?"

"Vyuma vya meno, basi."

"Ah, meno hayana neno. Na ngozi yake ina tatizo gani?"

Hapo damu ilimchemka fundi.

"Haina tatizo! Mashavu yake mazima kabisa. Lakini kila siku mnamwimbia kwenye simu kwamba yamelegea, basi kwake yamelegea. Chakula hataki. Anajifungia chumbani na kioo, anayavuta hivi." Alijivuta mashavu kwa vidole vyenye gundi ya mabomba. "Jumapili kachukua kijiko, kakipasha jikoni, kakibandika shavuni. Eti kasikia kwako kwamba joto linakaza ngozi."

Muuzaji aliisogeza mashine mbali na mkono wa fundi.

"Nilisikia ukelele nikiwa uani. Ngozi ilibaki kwenye kijiko, dada! Na bado ananiambia, usiponinunulia mashine nitarudia. Nifanyeje? Nimfunge kamba?"

"Kaka, hapana." Ile sauti ya kwenye simu ilikuwa imemtoka muuzaji. "Penye kidonda mashine haiwekwi. Siwezi kukuuzia. Na nikwambie kweli, sisi wenyewe tunayatia chumvi haya mambo. Hata ile video yangu, taa ile ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mama aukubali tu umri wake. Kila umri una uzuri wake."

"Mwambie mwenyewe."

"Nani, mimi?"

"Mimi hanisikii. Mimi mshamba, nanuka mitaro, urembo nitaujulia wapi? Anayemwamini ni wewe. Mwambie kwa mdomo huohuo uliomwambia kalegea." Sauti ya fundi ilipasuka, akaikaza tena. "Yuko hapo nje."

"Nje?" Sasa muuzaji naye alipandisha sauti. "Umemsimamisha Mama juani, na kidonda kibichi usoni? Wewe kaka vipi? Mzazi si mzigo wa kuachwa mlangoni!"

Alizunguka kaunta mbiombio. Akavuta kiti kirefu cha wateja, akakipangusa, akaweka mto wa kuegemea mgongo. Akamimina maji kwenye bilauri. "Mwingize! Na umshike mkono, hiyo ngazi inateleza."

Fundi alifungua mlango, akaita.

Muuzaji aliuvua upesi ule uso wa biashara, akainamisha kichwa, tayari kuamkia. Mama akamuwahi.

"Shikamoo, anti," alisema, akauachia mkono wa baba yake, akatua mkoba wake wa shule, akajipandisha kitini, miguu ikabaki inaning'inia.